Jino linalomwamsha mtoto saa nane za usiku

*"Assalam aleikum, daktari. Tuko Likoni. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Gego lake la mwisho, chini upande wa kulia, limetoboka na shimo limekuwa jeusi. Mwanzo alikuwa akilalamika akila kitu kitamu tu, lakini yapata wiki mbili sasa anaamka saa saba, saa nane za usiku, ameshika shavu akilia. Nilikwenda duka la dawa nikapewa dawa ya maumivu na amoksilini. Akapata nafuu siku nne, kisha yakarudi. Mamangu asema ni mdudu, nimtilie mafuta ya karafuu ama nimpeleke kwa mzee anayefukiza. Babake asema jino la utoto litang'oka lenyewe, tusipoteze pesa. Mimi naogopa asije akadungwa sindano akachukia hospitali maisha yake yote. Usiku nimpe nini? Na jino lizibwe, ling'olewe, ama liachwe? Ana mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, bado hulala na chupa ya maziwa."*

Waaleikum salaam, dada. Katika yote uliyoandika, maneno yaliyonifanya niweke kikombe chini ni haya: mwanzo aliumwa akila kitamu, sasa anaamka saa nane za usiku. Kabla hata sijampiga picha ya eksirei, hapo umeshanieleza jino limefika wapi. Acha nianze na tofauti ya maumivu hayo mawili, maana ukiielewa utaona mwenyewe kwa nini amoksilini haikufua dafu, na kwa nini babake, ingawa hana nia mbaya, amekosea hesabu.

Jino lina ganda gumu nje, enameli. Chini ya ganda kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kuna kiini, nyama iliyo hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Meno ya utotoni yana enameli nyembamba, karibu nusu ya yetu sisi watu wazima, na kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na jino lenyewe. Kwa hivyo shimo ambalo kwako wewe lingechukua miaka kufika ndani, kwa mwanao huchukua miezi. Wazazi wengi hulia mbele yangu wakisema, "Daktari, Ramadhani iliyopita halikuwepo!" Na huwa wanasema kweli.

Shimo likiwa bado kwenye dentini, sukari na baridi hupenya kwenye vile vitundu na kukichokoza kiini. Mtoto hupiga kelele, ukimpa maji akasukutua, yamekwisha. Kiini kimeudhika lakini ki hai na kinaweza kupona. Wakati ule jino lingezibwa, mambo yakaisha hapo. Sikulaumu, naeleza tu, kwa sababu kuna mama mwingine anayesoma hapa ambaye wa kwake bado yuko kwenye hatua hiyo.

Bakteria wakizidi kusogea, kiini huvimba. Sasa fikiria: ukijigonga kidole mlangoni, kidole kinavimba kwa sababu ngozi inatanuka. Kiini cha jino kimefungiwa ndani ya kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia. Damu inajaa, mshipa wa fahamu unabanwa, na maumivu huja yenyewe bila kuguswa na kitu, yakipwita kama ngoma. Mtoto akilala, damu huelekea kichwani kwa wepesi zaidi kuliko akiwa amesimama, basi mbano huongezeka. Mchana yuko mbioni na wenzake, na babake akimtazama anaona mtoto mzima anayedeka usiku. Hadeki. Jino linalomwamsha mtoto usingizini kwa wiki mbili ni jino ambalo kiini chake, kwa uwezekano mkubwa, hakirudi tena.

Mbele ya hapo kuna hatua moja ambayo nataka uiogope kuliko hii uliyo nayo: maumivu kuisha. Kiini kikifa, mshipa wa fahamu umekufa nao, na mfu haumwi. Nyumba nzima inashukuru. Nakumbuka binti mmoja wa miaka mitano aliyeletwa kwangu siku ya pili ya Idi, kanzu mpya, hina mikononi, na jicho moja limefungika kwa uvimbe. Mamake aliniambia jino lilikuwa limepona tangu miezi mitatu nyuma, kwa dua. Halikuwa limepona. Usaha ulikuwa ukijikusanya taratibu kwenye mzizi, mpaka ukapata njia. Kwa hivyo mwanao akinyamaza wiki ijayo bila kutibiwa, usighairi safari ya hospitali.

Sasa usiku wa leo. Dawa ya maumivu kwa jino lililotoboka ni kama feri yako ya Likoni: kazi yake ni kukuvusha, na ukifika ng'ambo unashuka. Itumie kumvusha mtoto mpaka siku ya miadi.

Anza kwa kuondoa kilichokwama. Msukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ikiwa anajua kutema, kisha pitisha mswaki laini juu ya lile shimo. Mara nyingi kipande cha mkate au nyuzi za embe zilizojibana mle ndani ndizo zinazochokoza, na kuziondoa peke yake hupunguza nusu ya kilio. Usichokoe kwa kijiti wala pini.

Kisha dawa, na hapa nataka utazame chupa unayoishika. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, na irudiwe baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne katika saa 24. Ikiwa mwanao ana kilo 16, ambao ni uzito wa kawaida kwa umri wake, hiyo ni miligramu 160 hadi 240. Dawa ya maji iliyoandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5 itakuwa mililita 7 hadi 10. Wengi huwapa watoto kijiko kimoja cha chai, halafu wananiambia dawa haifanyi kazi. Haifanyi kwa sababu ni nusu ya kipimo. Wengine, kwa huruma, hurudia kila saa, na hilo ndilo la hatari, kwa sababu parasetamoli ikizidi huharibu ini polepole bila dalili ya mapema. Tumia bomba la kupimia au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani. Nenda kapime vya kwako ukitaka kucheka. Na soma kila chupa upya, kwa sababu nguvu ya dawa hutofautiana na uzito wa mtoto pia hutofautiana.

Ibuprofeni, ile wengi huiita Brufen, hutuliza jino vizuri zaidi kwa sababu hupunguza ule uvimbe wenyewe. Kipimo ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, isizidi mara tatu kwa siku, na awe amekula. Kwa mtoto wa kilo 16 na dawa ya miligramu 100 kwa kila mililita 5, ni mililita 4 hadi 8. Lakini usimpe ikiwa anaharisha au kutapika, ana tatizo la figo, ana pumu ambayo imewahi kuchafuka kwa dawa kama hii, au ana homa ambayo hujui imetoka wapi. Hilo la mwisho nalisema kwa sababu tuko Mombasa. Mji huu umeshapitia milipuko ya dengi, homa inayoenezwa na mbu, zaidi ya mara moja, mwaka 2013 na tena 2021, na kwa mgonjwa wa dengi ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu. Homa ikiwepo, mpe parasetamoli na upeleke mtoto apimwe. Usiiweke kila homa kwenye akaunti ya jino. Malaria haijahama Pwani.

Aspirini usimpe kabisa. Kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Na usiisage ukaipaka kwenye ufizi kama wafanyavyo wengine, itamchoma. Zile jeli za ganzi za kupaka fizini nazo ziache, hasa kwa yule mdogo: zenye benzokeini zinaweza kuizuia damu ya mtoto wa chini ya miaka miwili kubeba oksijeni. Baada ya dawa, mwinue kichwa kwa mito miwili na umwekee kitambaa cha maji baridi shavuni kwa nje. Maji ya moto au chupa ya moto shavuni, hapana.

Tuje kwa mamako, na tafadhali usimsomee sehemu hii kwa sauti ya kumshinda. Kuhusu karafuu hakukosea. Ndani ya karafuu kuna mafuta yaitwayo yujenoli ambayo kweli hutia ganzi, na sisi madaktari wa meno tumeyatumia miaka na miaka kwenye dawa za kuziba kwa muda. Ile harufu unayoisikia ukiingia kliniki ya meno, ambayo watu huiita harufu ya daktari, ni karafuu hiyohiyo ya Pemba. Tofauti ni nani anayeitia, kiasi gani, na kwenye mdomo wa nani. Mtu mzima akichovya pamba akaiweka kwenye jino lake, atatema. Mtoto wa miaka minne atameza. Tone likidondoka nje ya jino humuunguza ufizi na ulimi, nami nimeona fizi zilizobabuka nyeupe kama maziwa. Na akipata chupa yenyewe akanywa, hata kijiko kimoja kinaweza kumletea degedege na kumharibu ini. Kwa hivyo mtoto asitiliwe, na chupa ipande juu ya kabati. Karafuu nzima ibaki kwenye pilau.

Lakini mdudu hayupo. Naelewa imani hii ilikotoka. Tukiondoa kiini cha jino hutoka kiuzi chekundu chembamba, na mtu akikiona ataapa ni mnyoo. Na wale wanaofukiza huchoma mbegu, moshi ukaelekezwa mdomoni, kisha wakakuonyesha vidudu vyeupe ndani ya bakuli. Mbegu ikipasuka kwa joto, kiini chake cheupe hutoka kimejikunja. Ukiwa umekesha usiku kucha na mtoto, utaona mdudu. Ukitaka kuhakikisha, mwombe afukize mbegu bila mtoto kuwepo, uone kama bakuli litabaki tupu. Moshi wenyewe unaweza kumuunguza koo. Nisichokikubali kabisa, na huletwa kwangu watoto waliofanyiwa, ni kutiwa kwenye shimo la jino vitu kama tumbaku, mafuta ya taa, au maji ya betri. Jino halitibiki, na ufizi na mfupa vinaoza pamoja nalo.

Amoksilini je? Hapa lawama si yako. Dawa ya kuua bakteria husafiri kwenye damu, na kiini kilichobanwa au kilichokufa hakifikiwi na damu ya kutosha. Hata ikiwaua waliovuka nje ya mzizi, wale walio ndani ya shimo wako kwenye ngome yao, wakiletewa chai ya maziwa kila asubuhi. Ndiyo maana alipata nafuu siku nne, tena sehemu kubwa ya nafuu hiyo huenda ilitokana na ile dawa ya maumivu. Antibiotiki ina kazi yake: uvimbe unaosambaa usoni, homa, mtoto mnyonge. Hata hapo ni ya kusaidia huku chanzo kinaondolewa. Jino linalouma tu, bila uvimbe wala homa, halihitaji antibiotiki. Ukiitumia kila mara bila sababu, siku atakapoihitaji kweli bakteria watakuwa wameshaizoea. Na chupa iliyobaki usiiweke kwa dharura nyingine, kwani ikishachanganywa na maji haikai.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka, mtazame vizuri. Kaa karibu na mlango penye mwanga, mlaze kichwa kwenye mapaja yako uso ukielekea juu, umulike kwa tochi ya simu. Vuta shavu kwa kidole. Tazama shimo, kisha tazama ufizi ulio chini ya jino hilo: kuna kijipu kidogo, kama chunusi, chekundu au cha manjano? Hicho ni tundu la usaha, na maana yake kiini kimekufa na maambukizi yameshatoka nje ya mzizi. Gusa jino taratibu kwa kidole uone kama linacheza. Daktari atataka kujua hayo, pamoja na uzito wake, dawa ulizompa na saa ulizompa. Ikiwa ana selimundu, yaani sickle cell, au aliwahi kuambiwa ana tatizo la moyo, sema hilo kabla ya jina lake, kwa sababu linabadilisha namna tutakavyomshughulikia.

Kuna mambo ambayo hayangoji asubuhi. Shavu likivimba na uvimbe ukapanda kuelekea jichoni au ukashuka chini ya taya na shingoni, akiwa na homa kali, akishindwa kufungua mdomo, kumeza, au akidondokwa na udenda usio wa kawaida, akipumua kwa shida, akilegea au kukataa kunywa, hiyo si kazi ya kliniki ya meno ya mtaani tena. Nenda hospitali yenye wodi ya dharura usiku huohuo. Feri inatembea usiku kucha. Usaha wa gego la chini ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto, na hilo hutokea kwa saa, si kwa siku.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, basi unatafuta daktari wa meno ndani ya siku mbili tatu. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile wengi bado huiita Makadara, ina idara ya meno, na kliniki za binafsi hazikosekani kisiwani. Kabla hujavuka piga simu uulize jambo moja: mnatibu watoto wadogo kwa kusafisha kiini na kulivisha jino kofia ya chuma, au mnang'oa tu? Jibu litakuokolea nauli.

Sasa jino lenyewe. Babake anasema litang'oka, na ni kweli, lakini lini? Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita hivi. Gego la mwisho la utotoni, ambalo ndilo hili, hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mwanao ana minne na nusu. Anaambiwa avumilie jino bovu kwa zaidi ya miaka mitano. Na kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalijui. Akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya gego hili litaota gego la kwanza la ukubwani, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Gego la utotoni ndilo ukuta linaloegemea likichomoza. Ukuta usipokuwepo, gego jipya husogea mbele na kulala kwenye nafasi ya jino lingine ambalo bado liko chini ya ufizi, likisubiri zamu yake. Miaka sita baadaye jino hilo linatafuta mlango halipati, linaota kando au halioti. Meno mengi yaliyopandana ninayoyaona kwa vijana yalianzia kwenye gego la utotoni lililong'olewa mapema au lililoachwa likaoza mpaka ufizini.

Kwa hivyo mimi ningependa jino hili lisalie, ikiwa picha ya eksirei itaonyesha mizizi bado mizima. Njia ni kuondoa kiini kilichoharibika. Ikiwa sehemu ya juu tu ndiyo iliyooza na damu ya chini bado safi, huondolewa sehemu hiyo pekee. Ikiwa yote imeharibika, mizizi husafishwa na kujazwa dawa inayoyeyuka pamoja na mizizi wakati wa jino kubadilika utakapofika. Hiyo ndiyo watu huiita ruti kanali ya mtoto. Juu yake huvishwa kofia ya chuma, inayong'aa kama fedha. Watoto huzipenda kuliko mama zao. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyekataa kufunga mdomo wiki nzima ili wenzake wa chekechea waione.

Kuna jambo moja ulikatae. Jino linaloamsha mtoto usiku lisizibwe tu juu bila kushughulikiwa kiini. Ni sawa na kufunika sufuria inayochemka kwa jiwe. Usiku uleule utalia naye. Mtu akikwambia, "Tutaziba tu, ni haraka," muulize kwa upole amefikiri nini kuhusu maumivu ya usiku.

Kung'oa nako si aibu wala si kushindwa. Ikiwa kuna usaha, jino linacheza, mizizi imeliwa, au hakuna kilichobaki cha kuvishwa kofia, ling'olewe. Ni siku moja, ni bei nafuu kuliko ruti kanali na kofia, na maumivu yanaisha. Lakini uliza papo hapo kuhusu waya wa kutunza nafasi. Kwa gego hili la mwisho, kabla lile la miaka sita halijatokeza, kutengeneza kitunza nafasi ni kazi ngumu kidogo, pengine daktari atataka kumfuatilia kwanza na kukiweka gego jipya likichungulia. Pesa ni jambo la kweli, nami sitakuambia ukope ili kuokoa jino la utotoni. Uliza bei ya kazi nzima kabla haijaanza, kwa sababu kuanza ruti kanali ukaiacha katikati ni kubaya kuliko kung'oa siku ya kwanza.

Huenda wakikagua wataona mashimo mengine madogo ambayo hayajauma. Usivunjike moyo. Kwa hayo kuna kazi isiyo na mashine ya kutoboa: daktari hukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji inayotoa floridi. Njia hii ilianzia hapo jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali ambapo hapakuwa na umeme, na leo inatumika duniani kote. Kuna pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi ambayo hupakwa kwa dakika moja na kusimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hubaki nyeusi tititi, na haifai kwa jino ambalo kiini chake kimeshaingiliwa kama hili. Kwa magego ya nyuma yanayoanza kutoboka, weusi huo mimi siuoni tatizo.

Sindano. Ufizi hupakwa kwanza dawa ya ganzi, kisha sindano nyembamba huingizwa polepole, na mtoto aliyeandaliwa vizuri huhisi kama kafinywa. Maandalizi ni yako. Usimwahidi kwamba hatachomwa, maana akichomwa atajua umemdanganya, na mimi nitakuwa mshiriki wako. Mwambie daktari atalilaza jino usingizi ili liache kuuma. Na mwombe yeyote nyumbani ambaye humtisha kwa maneno "ukilia utapelekwa kwa daktari wa meno" aache leo. Nenda naye asubuhi, akiwa ameshalala na kula. Mchana wa joto, ana njaa na amechoka, hata mimi singefungua mdomo. Ikiwa ataambiwa atalazwa usingizi wa dawa hospitalini kwa sababu meno mabovu ni mengi, hapo ndipo ataagizwa asile, na utapewa saa kamili.

Baada ya ganzi, mdomo utakuwa umekufa saa mbili tatu. Mlinde asiutafune. Watoto huona mdomo umekuwa kitu cha ajabu, huuma na kuuma, kesho yake mdomo umevimba kama sambusa na mama anarudi mbio akidhani jino limeleta maambukizi. Mpe uji wa vuguvugu na umkalishe mbele yako mpaka ganzi iishe.

Kuhusu vitamu nitasema kidogo tu. Kila sukari inapoingia mdomoni, asidi hushambulia meno kwa nusu saa hivi kabla mate hayajairekebisha hali. Hivyo kinachohesabika zaidi ni mara ngapi, kuliko kiasi gani. Kipande cha halua baada ya chakula, akanywa maji, kina madhara madogo kuliko pakiti ya mabuyu anayoinyonya kibarazani tangu alasiri hadi magharibi. Mabuyu pia yananata kwenye magego kama gundi, kisha yana ukali wake. Simwondolei mtoto wa Mombasa mabuyu, ila yawe na wakati wake na yaishe.

Apigwe mswaki na wewe, si yeye mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi ya angalau sehemu 1,000 kwa milioni. Kiasi cha punje ya mbaazi kinamtosha. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mswaki wa mti ni sunna nzuri na babake aendelee nao, lakini haufiki kwenye mashimo ya magego ya mtoto wala hauna floridi. Na ukisikia floridi inatia meno madoa ya kahawia, hayo unayoyaona kwa ndugu zetu wa Nakuru na Naivasha yametokana na maji ya kunywa yenye floridi nyingi kutoka ardhini, si na punje ya mbaazi kwenye mswaki.

Mwisho yule mdogo, ambaye kwa kweli ndiye ninayemfikiria zaidi. Anapolala mate hupungua, na maziwa ya chupa, hasa yakiwa na sukari, hulala juu ya meno ya mbele ya juu usiku kucha. Leo jioni mwinue mdomo wa juu kwa kidole chako utazame panapokutana jino na ufizi. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chaki, huo ni uozo ambao haujatoboka bado, na unaweza kurudi nyuma. Anza kupunguza: usiku wa kwanza ongeza maji kwenye maziwa, usiku unaofuata ongeza zaidi, mpaka baada ya wiki moja au mbili chupa iwe ya maji matupu. Mpige mswaki kwa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Na siku mtakayovuka na kakake, mchukue naye pia. Kliniki nyingi hupaka floridi kwenye mstari huo mtoto akiwa amekaa mapajani mwa mamake, bila sindano wala mashine.